Unga wa Njano

Bi Verna Pascoe hakuwa mpenda maua. Najua ni ajabu kusema hivyo juu ya mwanamke aliyepanga maua ya kanisa la mji wetu wa Boolandra kwa miaka thelathini na minane, lakini aliniambia mwenyewe, tena si mara moja. "Maua ni uchafu unaosubiri kuanguka," alisema. Alichopenda yeye ni usafi. Alitaka kitambaa cha madhabahu kikae cheupe kutoka Jumapili hadi Jumapili, na kwa kuwa maua ndiyo yaliyokichafua, akaona heri ayasimamie mwenyewe kuliko kumwachia mzembe mmoja.

Yaliyomkera kuliko yote ni mayungiyungi. Huku kwetu yale meupe huchanua Desemba, na mengi yamejiotea tu kando ya barabara ya mtoni, marefu hadi kiunoni, hata wenye ng'ombe wanayalaani. Ni ya bure, yananukia, yanafaa Krismasi, yanafaa harusi, yanafaa msiba. Ila katikati ya kila ua kuna vijiti sita vyenye unga wa njano, na unga ule ukigusa nguo, nguo imekwenda. Mwaka wake wa kwanza kazini, bibi harusi mmoja alitoka kanisani na doa kifuani kama amemwagiwa haradali. Mama wa yule binti hakumsemesha Bi Verna mpaka mjukuu wa kwanza alipozaliwa.

Tangu siku hiyo akavaa mkasi shingoni. Ulikuwa mkasi mdogo wa kukatia kucha, umefungwa kwa utepe mweusi. Ua likianza tu kufunguka, kabla unga haujakomaa, Bi Verna alikuwa ameshafika: kwacha, kwacha, vijiti sita vinaangukia mfukoni mwa aproni. Mfuko ule uligeuka rangi ya bizari na haukurudi tena. Aliwafundisha wanawake wote wa zamu ya maua, na wao wakawafundisha binti zao, na mpaka leo nenda nyumba yoyote ya Boolandra siku ya Krismasi, utakuta mayungiyungi yamehasiwa. Ndivyo wanaume walivyoita, nyuma ya mgongo wake. Mbele yake walivua kofia.

Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya mifugo ya Daktari Imrie. Nilikaa kwenye dawati lile miaka ishirini na sita. Mtu akisikia kliniki ya mifugo katika mji wa maziwa anafikiria ng'ombe, na ni kweli, lakini ng'ombe daktari huwafuata mazizini. Waliokuja mlangoni kwangu ni mbwa na paka, na wengi wao walikuja wameshakula kitu. Mbwa aliyekula sumu ya panya, ile ya vipande vya kijani, anacheza vizuri siku tatu na ya nne anavuja damu puani. Mbwa aliyelamba sumu ya konokono bustanini, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Paka aliyepewa nusu kidonge cha paracetamol na bibi aliyempenda kuliko wanawe, kwa sababu alimwona anachechemea. Mbwa aliyeiba mfuko mzima wa njugu za makadamia, akashindwa kunyanyua miguu ya nyuma. Na kila mwenye mnyama alisema neno moja: sikujua.

Daktari Imrie alilichoka hilo neno. Asubuhi moja, akiwa anavaa buti aende kumzalisha ng'ombe, akaniambia, "Raelene, chukua kadibodi kubwa, andika vitu vyote vinavyowaua, ubandike pale ukutani. Andika kwa herufi kubwa, kipofu aone." Akaanza kunitajia, huku anatafuta soksi. Nami nikaandika kwa kalamu nene nyekundu. Nilianza kwa mbwembwe, herufi kubwa kama za tangazo la mnada, na kufikia kitu cha tisa kadibodi ilikuwa inaelekea kuisha. Cha kumi na cha mwisho kilikuwa mayungiyungi. "Kwa paka," alisema. "Mmea wote. Ua, jani, shina, unga, hata maji ya chombo chake. Ukichelewa siku moja figo zimekwisha." Kisha akatoka.

Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mstari mmoja. Nikakumbuka paka mmoja tuliyeletewa mwaka ule, aliyejipaka unga manyoyani, akajiramba, akafa. Nikaandika: MAYUNGIYUNGI: UNGA WA NJANO HUUA PAKA. Nikasogea nyuma kulitazama tangazo langu. Lilikuwa limekaa vizuri, halijabanana. Nikalibandika.

Daktari alipita mbele ya tangazo lile kila siku kwa miaka tisa na sidhani kama alilisoma. Kwa nini alisome? Yaliyoandikwa pale aliyajua.

Aliyelisoma ni Bi Verna. Yeye hakuwa na mnyama. Mumewe, marehemu Clem, alikuwa akibanwa na kifua akikaribia manyoya tu, na Clem alipokufa Bi Verna alisema ameshazoea sakafu isiyo na nywele. Lakini kila Alhamisi alituletea taulo kuukuu na magazeti ya kutandika vizimbani. Alhamisi ile aliweka mzigo chini, akasimama mbele ya kadibodi yangu, akapitisha kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa shule. Alipofika mwisho akanigeukia.

"Kumbe huu unga unaua?"

"Unaua paka, Bi Verna."

"Na mimi miaka yote nakata kwa ajili ya vitambaa." Akaushika mkasi wake shingoni. Sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile kwa habari mbaya. Alikuwa amegundua kwamba usafi wake ulikuwa wema.

Kuanzia siku hiyo Boolandra ikapata askari wa sumu. Alifungua kabati la chini ya sinki la kila nyumba alimokaribishwa chai, na la nyumba kadhaa ambamo hakukaribishwa. Sumu ya konokono aliipandisha rafu ya juu. Maji ya rejeta yaliyomwagika gereji aliyamwagia mchanga mwenyewe, na mwenye gereji amesimama anamtazama. Aliwapokonya watoto chokoleti mbele ya mbwa. Mzee Wes Gaunt, aliyekuwa na ng'ombe mia na ishirini kwenye kona ya mto na mdomo usio na breki, aliniambia siku moja pale dawatini, "Mwambieni Daktari amnunulie Verna filimbi na kofia. Jana kanikagua mpaka mfuko wa suruali."

"Alikuta nini?"

"Zabibu kavu. Kaniambia zinaua mbwa. Nikamwambia mimi si mbwa. Kasema hana hakika."

Tulicheka, lakini sitaki mtu amdharau. Kuna mbwa watatu ninaowajua kwa majina waliokufa kwa uzee, wamelala juani, kwa sababu Bi Verna aliona kipande cha kijani kwenye jino au kinyesi chenye rangi isiyo yake na akampigia Daktari simu kabla mwenye mbwa hajamaliza kubisha.

Na kila Desemba alisema lile neno. Mtu akisita kuchukua yungiyungi kwa sababu ana paka, Bi Verna alimshika mkono. "Chukua bila wasiwasi, shoga. Nimekata mwenyewe."

Mara ya kwanza kumsikia akilisema, kitu kilinichoma. Nilikumbuka Daktari na soksi zake na yale majani. Ningependa kusema kwamba simu ililia wakati huo nikasahau. Simu haikulia. Niliona tu kwamba nikimsahihisha itabidi niseme nani aliandika, na kadibodi ilikuwa imeshakaa ukutani miaka miwili, na hakuna paka aliyekufa. Paka wa mji wetu wanalala mabandani na kula panya; wachache huingia sebuleni. Nikajiambia labda Daktari alitia chumvi.

Elva Gaunt, mke wa Mzee Wes, alifariki katikati ya Desemba, wiki ya joto kali. Aliumwa miezi kumi na mmoja, na miezi yote hiyo paka wake alilala miguuni pake. Alikuwa paka dume wa kijivu, mwenye mistari mitatu mguu wa mbele, ndiyo maana Elva akamwita Sajini. Mzee Wes alidai hampendi. Alimwita mla bure. Lakini mwishoni, Elva alipokuwa hashiki tena kijiko, ni Mzee Wes aliyekuwa akimkatia Sajini nyama vipande vidogo, kwa sababu Elva alitaka kumwona anakula.

Maziko yalikuwa Ijumaa. Mayungiyungi yalijaa kanisa zima, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa barabarani, na Bi Verna aliamka alfajiri akayakata moja moja, maua mia na kumi, aliniambia idadi. Hakuna hata chembe iliyoangukia jeneza. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi, maua yakafuata wafiwa nyumbani. Tuliyapeleka kwa pikapu, Bi Verna na mimi, nami nimepakata keki. Akaweka chombo kikubwa kwenye meza ya jikoni karibu na picha ya Elva, kingine dirishani, na ndoo nzima kibarazani.

Sajini alipanda mezani kabla hata hatujaweka birika jikoni. Akanusa. Akalisukuma jani moja kwa pua, kisha akaling'ata ncha, kama paka wanavyong'ata nyasi.

Mzee Wes alikuwa amekaa na suti yake ya harusi, inambana. Akasema, "Verna. Huyu mla bure anatafuna majani yako. Haina neno?"

Sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Nilikuwa nimeshika kisu cha keki. Nilimwona paka, niliona jani, na nilimsikia Daktari Imrie kichwani mwangu kana kwamba yuko chumbani: ua, jani, shina. Na kulikuwa na watu kumi na tano jikoni mle, wote wamevaa nyeusi, na kwetu hakuna anayemsahihisha mhudumu mbele ya wafiwa. Nilijiambia nitamwambia Bi Verna kando, tukiosha vikombe.

"Haina neno, Wes," alisema Bi Verna. "Unga nimekata wote. Mwache ajiburudishe, naye kafiwa."

Nikakata keki. Tukaosha vikombe. Sikusema.

Usiku ule Sajini alitapika chini ya kitanda cha Elva. Jumamosi hakula, akadondosha mate, akajificha nyuma ya mashine ya kufulia. Jumapili Mzee Wes alikuja kanisani, akakaa kiti cha mbele peke yake, na baada ya ibada watu wakamzunguka.

"Sajini hali chakula," alisema. "Anakunywa maji tu, anakunywa, anakunywa. Analala mlangoni mwa chumba."

"Anamtafuta Elva," akasema mtu.

"Wanyama wanaomboleza kutuzidi," akasema mwingine.

Bi Verna akamgusa bega. "Mpe siku chache, Wes. Nitamletea supu ya kuku." Na Jumatatu alimletea, kwenye bakuli lake la kauri lenye mstari wa buluu, akakaa sakafuni na magoti yake mabovu akimnywesha paka kwa kidole. Paka hakufungua mdomo. Bi Verna akabadilisha maji ya maua, yalikuwa yamechacha, akaenda zake.

Mimi pia nilisikia yale maneno Jumapili. Nilisimama karibu yao. Niliamini ni huzuni, kwa sababu nilitaka iwe huzuni. Laiti ningesema Jumamosi asubuhi, Daktari angemwekea dripu na pengine angepona. Si hakika. Lakini pengine.

Jumanne saa tatu asubuhi Mzee Wes aliingia kliniki na kitu kimefungwa kwenye sweta ya Elva ya zambarau. Hakunisalimu. Daktari Imrie akaifungua sweta juu ya meza ya chuma, akabonyeza tumbo, akanusa mdomo wa paka, akachukua damu. Alikaa na matokeo dakika moja zaidi ya kawaida. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mzee Wes, nyumbani kuna mayungiyungi?"

"Yapo. Ya maziko. Lakini hayo ni ya Verna, yamekatwa unga."

"Unga?" Daktari akageuka. "Nani kakwambia ni unga peke yake? Ni mmea wote. Jani, shina, maji yaliyomo kwenye chombo."

"Verna kasema anajua."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika taulo. Moja ya zile za Bi Verna.

Daktari hakumficha. Figo hazifanyi kazi, hakuna mkojo unaotengenezwa, dripu ingemrefushia mateso tu siku mbili. Mzee Wes alisikiliza na kofia mkononi. Akauliza kama itauma. Akaambiwa haitauma. Akasema, "Basi amalize." Akamshika paka mwenyewe, mikono yake mikubwa ya kukamulia, na sindano ilipoingia akainama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, Sajini. Kamwambie nilijitahidi."

Nimeona wanyama wengi wakiondoka kwenye meza ile. Nililia siku ile tu, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa woga.

Daktari alipokwenda kunawa mikono, nilipanda kiti nikalibandua tangazo. Paka alikuwa hajapoa. Nikalikunja mara mbili, nikalitia kwenye mkoba wangu, na kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa na kadibodi mpya, na mayungiyungi ndiyo ya kwanza, na maneno yote: ua, jani, shina, unga, maji. Daktari akalipita bila kutazama.

Alhamisi Bi Verna alikuja na taulo zake kama kawaida. Alikuwa ameshaambiwa. Uso ulikuwa umesinyaa, kama aliyetoka kuumwa. Akasimama mbele ya kadibodi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akausoma mpaka mwisho. Akausoma tena.

"Raelene. Hili ni lile lile?"

"Lilichakaa, Bi Verna. Nimeliandika upya."

"Lile la zamani lilisema hivi hivi?"

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine, hata mbwa. Nikasema, "Lilisema mmea wote."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakubisha. Mtu aliyebisha na mji mzima juu ya kila chupa na kila pakiti, hakubisha na mimi. "Basi nilisoma vibaya," alisema. "Miaka tisa. Nimewaambia watu miaka tisa." Akavua utepe shingoni, akautazama ule mkasi, akautia mfukoni mwa koti. Sikuuona tena.

Bakuli lake la kauri lilirudi wiki ile ile. Na hapa lazima niseme jinsi sisi tulivyo. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Hata uwe fukara utaweka mayai mawili, au ndimu, au kipande cha kile kile ulicholetewa. Mzee Wes aliliosha bakuli lile, akalikausha, akaliacha juu ya nguzo ya lango la Bi Verna, tupu. Hakumtukana, hakumsema kwa mtu. Walipokutana dukani alimwambia, "Verna, usiniletee kitu tena," akaendelea kuchagua viazi. Kanisani akahama kiti, akaenda kukaa ule upande ambao hangeweza kumwona. Mwezi uliofuata Bi Verna aliacha kuja. Zamu ya maua ikaenda kwa Noreen, dada mmoja mwenye mikono mizuri na kichwa chepesi, na Noreen aliniambia siku moja, "Lakini mimi nilidhani hata lile tangazo lenu la zamani lilitaja unga tu." Nikamwambia kumbukumbu hudanganya. Akacheka, akakubali, maana Noreen husahau hata alipoegesha gari.

Miaka sita ilipita hivyo. Kila Desemba, ukipita barabara ya mtoni, ungemwona mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye kofia ya majani na uma wa bustani, anang'oa mayungiyungi. Anachimba mpaka kwenye kitunguu cha mzizi, anatia guniani, anasogea hatua moja. Mwaka unaofuata yameota tena, kwa sababu mbegu zake hupeperuka kama vumbi. Vijana kwenye magari walipiga honi wakamwita Bi Sumu. Hakuwageukia. Aliwahi kuanguka kwenye mtaro na kukaa pale saa nzima mpaka gari la maziwa likapita. Mimi nilipopita nilimpungia mkono, naye akanipungia. Nilikuwa nikifika nyumbani nafungua droo ya vitambaa vya meza, naliona lile tangazo liko pale chini, nafunga droo. Kwa nini sikulichoma? Sijui. Nadhani mtu akishachoma kitu kama hicho anakuwa ameamua yeye ni nani, na mimi nilikuwa bado najisifu kwamba siku moja nitasema.

Mzee Wes hakuchukua paka mwingine. Watu walimpelekea, akawarudisha. Aliuza ng'ombe, akabaki na nyumba na ile sweta ya zambarau kwenye kiti. Mara moja, kwenye mnada, nilimuuliza kwa nini asizungumze na Bi Verna, wote wazee, wote wapweke.

"Mtu akikosea namsamehe," alisema. "Lakini nilimuuliza, Raelene. Nilimuuliza wazi, na yeye akanijibu kama anayejua."

Kama ningesema pale, kati ya ndama na makelele, ingechukua sekunde tano.

Mzee Wes alifariki mwaka jana Agosti, usingizini. Tulimzika Jumanne kando ya Elva. Bi Verna hakuja. Niliambiwa alionekana amesimama ng'ambo ya barabara, mbali, na koti lake la mvua. Ijumaa yake nilioka keki ya ndimu, nikatoa lile tangazo kwenye droo, nikaendesha hadi kwake. Nilishastaafu. Nilijiambia sasa hakuna wa kuumia tena. Ndivyo nilivyojiambia, Mungu anisamehe, kana kwamba hiyo ndiyo sababu nzuri.

Alikuwa jikoni anatengeneza jamu ya machungwa, anakata maganda kwa kisu, membamba, yote ya urefu mmoja. Alifurahi kuniona. Watu hawakuwa wakimtembelea sana. Akapokea sahani ya keki kwa mikono miwili, akasema nisingejisumbua, akaweka birika jikoni.

Nilikunjua kadibodi juu ya meza. Nyekundu yake ilikuwa imefifia lakini herufi zilisomeka, kubwa kama za mnada. Sikutangulia na maelezo. Bi Verna akapangusa mikono, akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Sumu ya panya. Sumu ya konokono. Akashuka mmoja mmoja, kumi yote, na kidole kilipofika chini kikasimama.

"Nilisoma sawasawa," alisema.

"Ulisoma sawasawa, Bi Verna. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Daktari alinitajia yote, nafasi ikaniishia. Na ulipouliza nikakudanganya."

Birika lilianza kuchemka. Hakulitazama.

"Ulikuwa nalo wapi?"

"Kwenye droo."

"Miaka sita."

"Ndiyo."

Alivua miwani. Nilitegemea kilio au matusi, na ningevishukuru vyote viwili. Alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kwenda mahali, "Wiki mbili zilizopita Wes alikuwa hai. Ningemwekea hili kwenye nguzo ya lango lake. Asingelazimika kunisemesha. Angesoma tu. Angelisoma, Raelene. Sasa nimpelekee nani?"

Nikasema pole. Neno lile lilitoka dogo sana.

Bi Verna aliinuka, akazima jiko. Akaichukua keki yangu kutoka kwenye sahani, akaihamishia kwenye ubao wa mkate. Akaiosha sahani kwa maji ya moto, mbele na nyuma, akaifuta kwa kitambaa safi mpaka ikalia. Kando ya mkono wake palikuwa na machungwa, bakuli zima, na mitungi minane ya jamu imepangwa dirishani. Akanikabidhi sahani yangu mikononi, haina kitu, akaenda akanifungulia mlango.

Niliibeba hadi kwenye gari, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni.